Pezi la faiba, njumu ya ubao wa mawimbi

DAR ES SALAAM. MCHEZAJI akiingia Uwanja wa Benjamin Mkapa mvua ikiwa imetoka kunyesha, halafu awe amevaa raba za kutembelea Kariakoo, jukwaa zima linajua kitakachotokea. Mpira utakwenda kulia, mwili utakwenda kushoto. Hata awe na chenga za namna gani, pale chini hana kitu kinachoshika nyasi.

Ubao wa kuteleza mawimbini usio na pezi uko hivyo hivyo. Unaelea vizuri, unabeba mtu vizuri, na wimbi likija unaondoka nalo. Tatizo linaanza pale unapotaka kukata kona. Mkia unachomoka, ubao unakaa ubavu, na aliyekuwa amesimama kwa mbwembwe anajikuta anakunywa maji ya chumvi.

Jumapili jioni pale Coco Beach, Kinondoni, mambo ni mengi. Kuna mihogo ya kukaanga na pilipili, kuna muziki, kuna vijana wanaopiga mpira mchangani na watoto wanaojifunza kuogelea huku mama zao wakiwaita warudi. Lakini ukitazama mbali kidogo majini, hasa ile miezi ya kusi kati ya Mei na Septemba, unaweza kuwaona na hawa wengine. Ni wachache, wana mbao zao, na wanasubiri wimbi kama straika anavyosubiri krosi.

Upande wa pili wa bandari kuna Kigamboni, ambayo kabla ya kupewa wilaya yake ilikuwa chini ya Temeke. Huko ufukwe unatazama bahari iliyo wazi zaidi, na wimbi likija halibembelezi mtu.

Ubao wa kiwandani unatoka nje ya nchi. Ukijumlisha bei yake, usafiri na ushuru, hicho si kitu cha kijana anayeishi kwa vibarua. Kwa hiyo anayetaka kucheza na hana ndugu Ulaya anabaki na njia moja, kujitengenezea mwenyewe. Na kwenye kujitengenezea, kukata umbo na kupiga msasa si kazi inayomshinda fundi wa Kitanzania. Inayomwangusha ni ile sehemu ndogo ya chini, mkiani. Pezi.

BLAKE NA MKUKU WA BOTI

Wahawai waliteleza kwa karne nyingi bila pezi lolote. Mbao zao zilikuwa nzito, na aliyetaka kugeuka aliburuta mguu wake majini. Afrika nayo haikuwa mgeni kwenye mchezo huu: miaka ya 1830, msafiri mmoja Mwingereza alieleza alivyowaona wavulana wa Accra, Ghana ya leo, wakiogelea kuingia baharini na vibao vyepesi chini ya matumbo yao ili warudi na mawimbi.

Mwaka 1935 Mmarekani Tom Blake, akiwa Hawaii, alichukua mkuku wa chuma wa boti ya zamani akaufunga chini ya ubao wake. Kwenda chini ulikuwa kama sentimita 10 tu, na urefu wake kama rula ya shule. Ubao ukaanza kumtii. Mkia haukuchomoka tena hovyo, na Blake akaweza kuukata uso wa wimbi kwa mshazari badala ya kwenda nalo moja kwa moja hadi ufukweni.

Nahodha yeyote wa mashua pale Msasani angempa jibu hilo bure. Mkuku ndio unaozuia chombo kisisukumwe pembeni na upepo. Bila mkuku, hata tanga liwe zuri kiasi gani, mashua inateleza upande kama kaa. Pezi la ubao linafanya kazi ileile, ila lenyewe linapambana na nguvu ya wimbi na uzito wa mtu anayeegemea.

Blake alianza na chuma. Baadaye, Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, nyuzi za kioo zinazolowekwa kwenye rezini zikaingia kwenye mchezo, yaani kitu ambacho Dar es Salaam tunakiita faiba. Ikawa rahisi kulifanya pezi liwe kitu kimoja na ubao, bila skrubu wala bawaba.

MFUMO WA MAWILI AU MATATU?

Mashabiki wa soka wanaobishana 4-3-3 na 3-5-2 watawaelewa watu wa mawimbi. Nao wana ugomvi wao wa mifumo.

Mark Richards wa Australia alichukua ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa maarufu kwa ubao wa mapezi mawili. Ulikuwa mwepesi kugeuka kuliko wa pezi moja. Mwenzake Simon Anderson alikuwa mtu mkubwa wa mwili, na mapezi mawili yalikuwa yakimchomokea kwenye mawimbi makubwa. Mwaka 1980 akaongeza la tatu katikati, nyuma ya yale mawili.

Walimcheka. Mwaka uliofuata akaenda Bells Beach, Australia, mawimbi yakiwa makubwa kweli kweli, akashinda. Kisha akashinda na Pipeline, Hawaii. Baada ya hapo kicheko kikaisha, na hadi leo mapezi matatu ndiyo mfumo unaotumiwa zaidi na wanaocheza kwa ajili ya ushindani.

Hata hivyo, kwa kijana anayetengeneza ubao wake wa kwanza uani kwao Temeke, jibu ni pezi moja. Matatu yanataka vipimo vya pembe, na yale ya pembeni yakitofautiana hata kidogo, ubao unavuta upande mmoja kama gari lililopinda chasisi. Moja linataka kitu kimoja tu: linyooke.

MFUNIKO WA BOKSI LA SAMAKI

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wenye nazo. Wamtazame Ítalo Ferreira.

Huyu ni Mbrazili kutoka Baía Formosa, mji mdogo wa wavuvi. Baba yake alikuwa akiuza samaki, na Ítalo alianza kuteleza kwa kutumia mfuniko wa boksi la povu la baba yake, lile boksi jeupe la kuhifadhia samaki na barafu. Mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia. Julai 2021, mchezo wa mawimbi ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Japan, ubao wake ulivunjika mwanzoni tu mwa fainali. Akaletewa mwingine, akarudi majini, akabeba dhahabu.

Tanzania ina zaidi ya kilomita 1,400 za pwani. Medali zake za Olimpiki ni mbili tu, za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Zilikuwa za mbio. Kwenye mawimbi nchi haijawahi kupeleka hata mtu mmoja, na Los Angeles 2028 mchezo huo upo.

Maboksi kama lile la baba yake Ítalo ni kitu cha kawaida kwa watu wa biashara ya samaki, iwe Feri Magogoni au Msasani. Na kwenye gereji za Kinondoni na Temeke kuna mafundi wanaounga bampa za magari kwa faiba kila siku ya Mungu. Povu lipo, faiba ipo, mikono ipo. Mtu anaweza kudhani ni kuwakutanisha tu.

Hapo ndipo kijana anapopoteza ubao wake ndani ya dakika chache.

REZINI INAYOKULA UBAO

Rezini iliyozoeleka kwenye bampa ni ya poliesta. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine na inaganda haraka. Lakini ndani yake mna kimiminika kinachoyeyusha lile povu jeupe la boksi la samaki. Ukiimwaga juu ya povu hilo, haligandi nalo, inalila. Povu linazama, linatoboka, na ulichokuwa ukikiita ubao kinabaki shimo linalonata. Petroli na thina vinafanya vivyo hivyo, kwa hiyo hata kuusafisha kwa thina kabla ya kuanza ni kujiharibia.

Povu jeupe linataka rezini ya epoksi. Hiyo ni ghali zaidi na inachelewa kuganda, lakini haiyeyushi kitu. Poliesta ni salama kwa mbao ya kawaida, kwa plaiwudi, na kwa lile povu la manjano la poliyurethani ambalo mbao nyingi za kiwandani hutengenezwa nalo.

Asiyejua ana kitu gani mkononi akate kipande cha povu lake, adondoshee rezini kidogo, asubiri. Likibonyea, aachane nayo. Jaribio hilo ni la rezini ya vijiko viwili, na linaokoa kazi ya mwezi mzima.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wajanja. Epoksi inashika vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Kwa hiyo ubao uliovikwa epoksi, pezi likilegea baada ya miezi sita, usiukimbize kwa fundi bampa aupake alichonacho. Utapendeza siku hiyo, halafu pezi litabaki baharini.

KAZI YENYEWE

Pezi lenyewe hukatwa kwenye bamba la faiba. Kitambaa cha faiba kinapangwa safu juu ya safu juu ya kioo kilichopakwa nta, kila safu ikilowekwa rezini na kufinywa hewa itoke. Safu 25 hadi 30 za kitambaa chembamba hutoa bamba la kama milimita 6. Asiye na uwezo huo huchonga pezi kwa plaiwudi nzuri, kisha analivika faiba pande zote. Nalo linafanya kazi, mradi maji yasipate mlango wa kuingilia.

Kwa ubao wa pezi moja, kina cha sentimita 18 hadi 22 kinatosha kabisa. Sehemu ya mbele ya pezi inachongwa iwe ya mviringo, ya nyuma iwe nyembamba, na pande zote mbili zibinuke sawasawa, kama mwili wa jodari ukimtazama kwa juu. Upande mmoja ukiwa mnene kuliko mwingine, ubao utakuwa na matakwa yake.

Kisha inakuja mistari. Uzi unavutwa kutoka katikati ya pua ya ubao hadi katikati ya mkia, na mstari unachorwa kwa penseli. Pezi moja hukaa juu ya mstari huo, ukingo wake wa nyuma ukiwa kama sentimita 13 hadi 15 kutoka mwisho wa mkia. Ukilisogeza nyuma zaidi, ubao unakwenda moja kwa moja na unakuwa mgumu kugeuka. Ukilisogeza mbele, unageuka upesi lakini unayumba.

(Kwa wabishi wa mfumo wa Anderson: pezi la katikati huwa kama sentimita 9 kutoka mkiani, ya pembeni kama sentimita 28, kila moja sentimita 3 hivi kutoka ukingoni, na pua zake zikielekezwa ndani kidogo kuelekea pua ya ubao. Nayo yanalala nje kwa nyuzi 4 hadi 6. Ndiyo maana ushauri ni kuanza na moja.)

Kama ubao ni wa povu, kuna kazi ya ziada ambayo wengi huiruka. Povu ni laini. Hata ukilivika faiba, pezi likipigwa pembeni linaweza kung'oka na bonge zima. Mafundi huchimba shimo dogo chini ya mahali pezi litakapokaa, wakazamisha kipande cha plaiwudi kwa epoksi, kisha ndipo wanapouvika ubao. Mzigo unagawanyika.

Sehemu itakayobeba pezi inapigwa msasa mkavu wa kukwaruza hadi ing'aro iishe. Rezini haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Shina la pezi nalo vivyo hivyo.

Sasa pezi linasimamishwa kwa matone machache tu ya rezini na kushikiliwa kwa vipande vya gundi ya karatasi kutoka kushoto na kulia, kama nguzo ya hema. Hapa skwea ya seremala ina thamani kuliko dola. Pima kushoto, pima kulia, rudi nyuma hatua tano utazame kwa jicho moja. Rezini ikishaganda, mjadala umefungwa. Hakuna VAR.

Likishasimama, kamba ya nyuzi za faiba iliyolowekwa rezini inalazwa pande zote mbili pale pezi linapokutana na ubao, ili ile kona kali ijae na kuwa mteremko. Kona kali ndiyo inayopasuka. Juu ya hapo vinakuja vipande vya kitambaa, vitatu au vinne kila upande, cha kwanza kidogo na kila kinachofuata kikubwa zaidi, vikipanda juu ya pezi na kushuka kwenye tumbo la ubao. Kinachoshikilia pezi ni hivyo vitambaa, wala si gundi ya chini kama wengi wanavyodhani.

JOTO LA DAR

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi zenye baridi. Dar es Salaam ni habari nyingine.

Rezini ya poliesta huchanganywa na dawa ya kugandisha, kwa kawaida mililita 10 hadi 20 kwa lita moja. Kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, anayeweka 20 ataona kopo linachemka na kutoa moshi kabla hajapaka nusu. Ikiganda kwa haraka hivyo inakuwa kavu na yenye nyufa. Kaa karibu na 10, changanya kidogo kidogo, na fanya kazi asubuhi mapema au jioni, kivulini. Epoksi yenyewe haina mchezo huo wa kuongeza au kupunguza. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo ndicho hicho, ukikosea hakigandi milele.

Dawa ile ya kugandisha poliesta ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Miwani ya kazi si urembo. Na vumbi la faiba, anayelijua analijua: unakwenda kuoga na unaendelea kuwashwa usiku kucha. Barakoa, mikono mirefu, na kufanyia nje, mbali na chumba wanacholala watoto.

MIAMBA HAINA URAFIKI

Mapezi ya kisasa mengi huchomekwa na kuchomolewa. Yana kisanduku chake cha plastiki na ufunguo wake, na vyote hivyo vinaagizwa. La kugandisha moja kwa moja lina faida yake: linatengenezwa hapa hapa, halina kiungo kinacholegea, na wapo wanaoapa kwamba ubao wake unateleza kwa utulivu zaidi. Hasara zake ni mbili. Ya kwanza ni daladala. Konda wa Mbagala hana muda na mtu mwenye ubao uliochomoza kisu cha sentimita 20.

Ya pili ni kubwa zaidi. Coco Beach maji yakipwa, miamba inabaki wazi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na mtu aliyeingia akiwa na kina cha kutosha anaweza kutoka akikwaruza mwamba. Pezi la kuchomeka likigonga mwamba linavunjika lenyewe. La kugandisha linaondoka na kipande cha ubao. Anayecheza na pezi la namna hii anajua saa za maji kama anavyojua ratiba ya Simba na Yanga, na anaruka mapema kabla ya kufika kwenye mawe.

Kuna na ngozi za watu. Ukingo wa pezi usiachwe mkali. Upigwe msasa hadi uwe wa mviringo, unene wa sarafu hivi, kwa sababu siku ya kwanza utakayoanguka ubao utakugeukia, na pale Coco kuna watoto wanaoogelea hatua chache kutoka ulipo. Mtu asiyejua kuogelea hana kazi na ubao, uwe na pezi moja au matatu.

Baada ya safu ya mwisho, ubao wa poliesta uachwe angalau siku mbili au tatu, wa epoksi wiki nzima, kivulini. Kisha kuna mtihani wa mwisho, nao unafanyika nchi kavu. Ubao unalazwa juu ya mchanga, tumbo juu. Unashika ncha ya pezi kwa mkono mmoja na kulisukuma upande, kwa nguvu ya kutosha. Kushoto, kisha kulia, huku sikio likiwa karibu na shina.

Pezi linaruhusiwa kupinda kidogo. Shina haliruhusiwi kutoa sauti. Ikisikika hata ndogo, kama karanga inayovunjwa chumba cha pili, ubao hauingii majini siku hiyo. Unarudi kwenye msasa.